Nyanya na maboga kwenye mchanga wa Kigamboni

Kwa miaka tisa niliuza nyanya gengeni Temeke bila kujua mche wake unataka nini. Alfajiri niko Soko la Stereo, tenga zinashushwa kutoka kwenye Fuso, nakagua juu kisha nachokonoa chini, maana nzuri hupangwa juu na shughuli iko chini. Za Ilula, za Lushoto, za Mgeta, nilizibagua kwa kuzibonyeza tu. Kilichonikera ni ule unga mweupe. Unaifuta nyanya, kitambaa kinabaki kama umefutia ubao wa shule. Mteja akiuliza, "Hiki nini, mama?" namjibu vumbi la njiani. Halikuwa vumbi, ilikuwa dawa, na mimi nilijua.

Tulipohamia Kibada, huku Kigamboni, nyuma ya nyumba palibaki kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa saba. Hapo ndipo ninapootesha nyanya ishirini na nne na mashina matatu ya maboga. Wala si shamba. Lakini kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Oktoba sinunui nyanya ya mtu, na Ramadhani boga la futari linatoka uvunguni mwa kitanda changu.

Kalenda kwanza, jembe baadaye

Mwaka wa kwanza nilisia mbegu Desemba, kwa akili ya gengeni: mvua zikiharibu mashamba nyanya hupanda bei, basi mimi nitangulie. Miche ikashamiri, maua ya njano kila kikonyo, mume wangu akaanza kupiga hesabu za tenga. Maua yakapukutika yote. Niliwalaumu wadudu, nikalaumu jicho la watu, kumbe lilikuwa joto. Ua la nyanya hushika vizuri usiku ukiwa na ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Usiku ukibaki na joto la zaidi ya hapo chavua huharibika, ua halitungi tunda, linaanguka. Sasa fikiria Dar ya Januari na Februari, kaskazi inavuma, feni inazungusha joto lile lile, usiku hausogei chini ya nyuzi 24. Mche unaishi, unanawiri kabisa, ila hauzai.

Kwa hiyo nyanya za pwani ni za wakati wa kusi. Nasia kitaluni kati ya wiki ya mwisho ya Aprili na katikati ya Mei, masika ikiwa inaelekea ukingoni, kitalu kikiwa chini ya paa kisilowe. Nahamisha miche mwanzoni mwa Juni. Maua yanafunguka Julai, mwezi ambao hata sisi wa Dar tunatafuta shuka usiku, na nyanya za kwanza zinaiva mwisho wa Agosti. Ukichelewa mpaka Julai bado unapata, ila za mwisho zitakutana na joto la Novemba. Ukisia Desemba kama mimi, utavuna majani.

Boga halina deko hilo. Linavumilia joto letu, na mimi huhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mfungo. Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ya 2026 iliangukia Februari, boga linataka miezi mitatu na nusu hadi minne kukomaa, basi nilisia mwanzoni mwa Oktoba 2025, nikamwagilia kwa ndoo mpaka vuli iliponipokea.

Mchanga wetu

Kibada ukimwaga ndoo ya maji, inazama kabla hujanyanyua mgongo. Mchanga hauna ubaya kwa mizizi, unapumua, tatizo haushiki maji wala mbolea. Dawa yake niliipata kwa wauza madafu: makumbi ya nazi. Wanayatupa, ukiomba wanakupa na shukrani juu. Nayaloweka kwenye pipa siku mbili. Nachimba shimo la upana na kina cha sentimita 40, napanga makumbi chini, upande wa nyuzi ukitazama juu, kama mabakuli. Juu yake narudisha mchanga uliochanganywa na nusu ndoo ya lita kumi ya samadi ya ng'ombe iliyooza. Ikiwa ya kuku, robo ndoo inatosha, maana ni kali.

Kali kweli. Kiroba changu cha kwanza kilitoka moja kwa moja bandani kwa broila, na maranda yake, nikakitia siku hiyo hiyo. Asubuhi ya tatu majani yalikuwa yameungua pembezoni kama karatasi iliyopita karibu na moto. Sasa naifanya tuta, nailowesha, naifunika, naigeuza kila wiki kwa miezi miwili. Kabla ya kuitumia natia mkono katikati: ikiwa bado ina joto au inakata pua, inasubiri.

Aliye bondeni kwenye udongo mfinyanzi unaotuamisha maji afanye kinyume changu: asichimbe, ainue tuta la sentimita 25 na apande juu yake. Na mwenye chumba cha kupanga na kibaraza tu, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini inabeba mche mmoja wa nyanya bila wasiwasi. Boga kwenye ndoo sikushauri.

Mbegu na kitalu

Mbegu nanunua duka la pembejeo, pakiti iliyofungwa, nasoma tarehe. Tanya na Tengeru 97 zinanifaa. Zote zimetoka Tengeru kule Arusha, zina ganda gumu na hazinywei haraka. Ukipenda chotara nunua, huzaa sana, ila usihifadhi mbegu zake, watoto hawatafanana na mama. Kwa sababu hiyo hiyo sitoi mbegu kwenye nyanya ya sokoni, siku hizi nyingi ni chotara na hakuna anayejua ni ipi.

Zamani tulisia kwenye mifuko ya rambo. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 natumia vikombe vya mtindi na chupa za maji nilizokata, kila kimoja na matundu matatu chini. Mbegu mbili kila kikombe, kina cha sentimita moja, unafunika kidogo. Siku ya tano hadi ya nane inachomoza, ukiona zote mbili zimetoka, kata iliyo dhaifu kwa mkasi. Usiing'oe, utatikisa mizizi ya mwenzake.

Juu ya kitalu natandaza chandarua kuukuu nilichokifua, na hapa naomba usiruke. Si kwa ajili ya kuku, ingawa kuku nao wamo. Ni inzi weupe, vidudu vidogo kama chembe za unga vinavyoruka ukigusa majani. Ndivyo vinavyoleta ule ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta: majani yanajikunja, yanakuwa ya njano pembezoni, mche unadumaa. Ukishaupata hakuna dawa ya kuuponya, unang'oa. Mche uliopata ukiwa mdogo hautakupa hata kachumbari moja.

Wiki nne, mche una majani matano au sita na unafikia urefu wa kiganja. Wiki ya mwisho punguza maji na uuzoeshe jua kidogo kidogo. Hamisha jioni, jua likishalegea. Nyofoa majani mawili ya chini na uzike shina mpaka karibu na majani yaliyobaki, shina la nyanya likifukiwa hutoa mizizi njia nzima, na kwenye mchanga kila mzizi ni akiba. Mche na mche sentimita 60, mstari na mstari sentimita 90. Utaona kama unapoteza nafasi. Nilibana mwaka wa pili, ikawa kichaka, upepo haupiti, madoa kila jani.

Simika fito siku hiyo hiyo, usisubiri mizizi itambae ndipo uichome. Nafungia vipande vya kanga kuukuu kwa mkunjo wa nane, kitanzi kimoja kwenye fito, kingine kwenye shina, kwa kulegeza. Maotea yale yanayochipua kwapani mwa jani nayakata yakiwa madogo kuliko kidole, lakini kwa aina ndefu tu. Tanya ni fupi, matunda yake yako kwenye matawi hayo hayo, ukiyamaliza umemaliza mavuno.

Maji ndiyo kazi yenyewe

Watu huniuliza natumia dawa gani. Nawaambia natumia kata. Mche uliobeba matunda kwenye mchanga wetu unataka kama lita mbili kwa siku, na unazitaka kila siku. Mimi nampa lita moja alfajiri na moja jioni, chini kwenye shina, sio juu ya majani. Majani yaliyolala na maji ni mlango wa bakajani, yale madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara yanayoanzia majani ya chini. Ukiyaona, kata majani hayo, yatoe nje ya bustani, na tandaza nyasi kavu au makumbi yaliyochambuliwa ili tone likidunda lisirushe udongo juu.

Onja maji ya kisima kabla hujayatumia. Visima vingi vya huku vina chumvi, na mche mchanga hauivumilii. Miche nainywesha maji ya bomba, nayahifadhi kwenye pipa kwa ajili ya siku za mgao. Ikikomaa naichanganyia ya kisima nusu kwa nusu.

Mwaka wa tatu nilipata msiba Tanga, nikaenda siku sita. Nyumbani nikamwachia kijana, naye kijana alikuwa na mambo yake. Niliporudi, mchanga ulikuwa unachoma nyayo, miche imeinamisha vichwa. Kwa huruma nikaifurika maji, ndoo na ndoo. Baada ya siku kumi nyanya zote zilizokuwa za ukubwa wa limau zilikuwa nyeusi kitakoni, doa kavu lililobonyea. Hii ni kuoza kitako. Tunda linakosa kalsiamu, ambayo inapandishwa na maji kutoka mizizini. Maji yakikatika nayo inakatika, hata kama imejaa udongoni. Utaambiwa uchimbie maganda ya mayai. Yachimbie tu, hayadhuru, ila ganda huchukua muda mrefu mno kuoza na nyanya ya wiki hii haitalisubiri. Nyanya zilizoharibika zitoe, rudisha maji kwa utaratibu, na zitakazofuata zitakuwa nzima.

Ukijua utasafiri, chukua chupa za lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano, kata kitako, zichimbie kichwa chini karibu na shina. Zinadondosha polepole. Kwa siku mbili zinakusitiri, kwa sita mlipe jirani.

Mbolea ya dukani natumia kidogo. Maua ya kwanza yakionekana, kifuniko cha soda kimoja cha CAN kwa mche, nakizungusha umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, nafukia, namwagilia. Baada ya wiki tatu narudia. Ukizidisha utapata mnyanya wa kupigia picha, majani mapana ya kijani kibichi, matunda hakuna.

Glasi ya maji

Kuna kona moja niliyokuwa nimeotesha nyanya chungu. Zilipokwisha nikapanda nyanya hapo hapo, udongo si umeshalimwa? Miche ikawa inanyauka mchana, jioni inaamka, nikadhani kiu. Siku ya nne haikuamka, nayo bado ya kijani, haijapata hata jani la njano. Kati ya miche kumi ilikufa saba ndani ya wiki.

Bwana shamba alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache ukashuka utando mweupe kama moshi, kama tui likichuruzika. Ni mnyauko wa bakteria. Anakaa udongoni, anaingia mizizini, anaziba njia ya maji. Hakuna cha kupulizia. Unang'oa na mizizi, unachoma, jembe unalisafisha kabla hujahamia mche mwingine, na mahali pale husogezi nyanya kwa miaka mitatu, wala bilinganya, wala pilipili, wala nyanya chungu, wala mnafu, maana zote hizo ni ukoo mmoja. Kona ile niliipa mahindi na kunde. Glasi naipendekeza kwa kila mtu, haina gharama na inakuokoa kununua dawa ya ukungu kwa ugonjwa ambao si wa ukungu.

Halafu kuna kantangaze. Aliingia nchini mwaka 2014, asili yake Amerika ya Kusini, na nakumbuka gengeni tenga zilivyoanza kuja na nyanya zenye vitundu karibu na kikonyo. Ni kiwavi cha nondo mdogo wa kijivu. Anachimba ndani ya jani, anaacha dirisha jeupe linalopitisha mwanga, kisha anahamia kwenye tunda. Kwa miche ishirini na nne mikono inatosha: kila asubuhi nageuza majani, lenye dirisha nalikata na kulitia kwenye ndoo yenye mfuniko, naiacha juani. Usiku naweka beseni la maji ya sabuni na taa juu yake, nondo wanajitosa. Nikizidiwa nanunua dawa, sikatai, lakini nasoma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na nazingoja zote.

Boga na ndoa zake

Boga huota lenyewe jalalani, ndiyo maana watu wanalidharau. Linapenda jalala kwa sababu kuna mboji, basi mpe. Shimo la nusu mita kila upande, ndoo nzima ya samadi, makumbi chini kama kwenye nyanya, mbegu tatu zilizolazwa ubavu, kina cha sentimita tatu, baadaye bakiza miche miwili. Shimo na shimo mita mbili au zaidi. Mimi nalipanda kwenye ukuta wa nyuma na kulielekeza mbali na nyanya, maana lina tabia ya kupanda juu ya mwenzie na kumfunika.

Mashina yakifika mita moja na nusu nakata ncha, yanatoa matawi, na maua majike hupenda kukaa kwenye matawi. Zile ncha ni msusa, zinamenywa nyuzi, zinapikwa kwa nazi. Lakini usiligeuze shina lote mboga halafu ukataka na boga.

Jirani yangu alinijia na panga mkononi, anataka kulikata la kwake: "Hili dume, dada. Wiki nzima linachanua, halizai." Nikamzuia. Boga hutanguliza maua madume, wiki moja au hata mbili, ndipo majike yanafuata. Utayatofautisha kwa shingo: dume lina kikonyo chembamba kirefu, jike limekalia kiboga kidogo cha ukubwa wa gololi. Yote yanafunguka alfajiri na kufikia saa nne yamelala, na ua jike halina kesho. Nyuki wasipokuja asubuhi ile, kiboga kinageuka njano na kudondoka. Penye nyumba zilizobanana nyuki ni wachache, na siku ya mvua hawatoki kabisa. Kwa hiyo kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi nachuma ua dume lililofunguka, nayavua majani yake ya njano, nabaki na kile kijiti chenye unga, nakipaka katikati ya ua jike, nazungusha taratibu. Dume moja linahudumia majike mawili matatu. Mjukuu wangu anaita kazi hii harusi, na anadai pilau.

Kiboga kikishashika, adui ni inzi wa matunda anayetaga chini ya ngozi ikiwa laini, ndani kunajaa funza. Nakivalisha soksi kuukuu au gazeti lililofungwa kwa kulegea mpaka kifikie ukubwa wa ngumi mbili na ngozi ianze kugoma. Chini naweka kipande cha kigae, lisilale kwenye unyevu. Majani ya zamani yakipata ubwiri unga, ule weupe kama umenyunyizia unga wa sembe, nayakata tu.

Liko tayari kikonyo kikikauka kama kuni na ukucha usipoweza kuchoma ganda. Kata na bakizo la kikonyo la urefu wa kidole, usilibebe kwa kikonyo hicho, kikichomoka kinaacha mlango wa kuozea. Liweke kivulini penye upepo siku kumi, kisha juu ya ubao, yasigusane. Kwangu yamekaa miezi miwili bila kuharibika.

La mbegu nalitenga tangu likiwa ua. Mwaka mmoja mbegu zangu zilitoa maboga ya majimaji yasiyo na utamu, kumbe nyuki alikuwa amepita kwanza kwenye boga la yule jirani wa panga. Sasa jioni, nikiona ua jike na dume yaliyovimba yatakayofunguka kesho, nayafunga midomo kwa uzi. Asubuhi nafungua, nafungisha ndoa mwenyewe, nafunga tena lile jike na kuacha uzi mwekundu kwenye kikonyo. Wajukuu wanajua: lenye uzi mwekundu haliendi jikoni mpaka bibi alipasue mwenyewe, achambue mbegu, azioshe na kuzianika kwenye ungo kivulini.